Hodi Iliyoitikwa na Mgeni

Nyinyi mnaokalia kiti changu sasa mmeniomba niandike niliyoyaona kazini. Ombi hilo nimelishuku kidogo. Mtu akistaafu hupewa zawadi na maneno matamu, kisha simu zake hazipokelewi tena, na mimi zangu mbili hamkuzipokea. Huenda mmekwama na jambo na mnaona haya kuuliza. Kama ndivyo, someni mpaka mwisho. Na hicho kiti kilikuwa na mguu mbovu kabla sijafika, si mimi niliyeuvunja.

Vyeo na mshahara nitaviacha. Kila nilipopandishwa cheo kilibadilika kibao cha mlangoni tu, na mlango wenyewe haukuwahi kufunga sawasawa. Nitaandika juu ya jambo moja lililonila umri, nalo ni kompyuta inayotaka kuzungumza na kompyuta nyingine ikashindwa.

Siku ya kwanza niliripoti kwenye karakana moja ya Mji Mkongwe, ghorofani, kwa Bi Zuhura. Alikuwa amefanya kazi ya kuunganisha simu kabla ya kugeukia mitandao ya kompyuta, na bado alikuwa na mazoea ya kumsikiliza mtu huku anatazama pembeni. Nilikwenda na vyeti vyangu ndani ya bahasha. Hakuifungua.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Toka nje, ufunge mlango, kisha upige hodi."

Nikatoka, nikapiga hodi. Akasema, "Karibu." Nikaingia, akanitoa tena. Nilipopiga hodi ya pili akajibu kwa sauti kali, "Sitaki wageni!" Mara ya tatu hakujibu kabisa. Nikasimama kwenye ngazi na bahasha yangu, na jirani wa mlango wa pili akawa ananichungulia kama mtu aliyekuja kuposa akakataliwa.

Aliponifungulia akanambia nishajifunza nusu ya kazi. Kila huduma ndani ya kompyuta inakaa nyuma ya mlango wenye namba, ndiyo tunayoiita poti. Mazungumzo yanayofunguliwa baina ya mashine mbili kupitia mlango huo tunayaita soketi, na si ile ya ukutani ya umeme. Ukikaribishwa, umeunganishwa. Ukikataliwa, jua nyumba ina mtu: mashine iko hai, ila kwenye mlango ule hapana anayepokea. Ukinyamaziwa, ama mashine imezimwa, ama kebo imekatika, ama kuna faiwoli, yaani mlinzi anayesikia hodi zako zote akaamua kukaa kimya.

"Na kuna kufukuzwa katikati ya mazungumzo," alisema. "Hilo baya, maana hulijui mpaka ushakaa. Sasa skiza, Khamis. Watu wote wakikataliwa huuliza kwa nini. Weye uliza nani. Nani aliyekukatalia?"

Niliitikia kwa kichwa kwa adabu, nikayaona maneno ya mtu mzima anayependa kusikilizwa. Kisha akanipa koleo la kubania vichwa vya kebo, nikabana vichwa siku nzima, vyote kinyume.

Miaka iliyofuata nilijifunza tabia za mashine, nazo zina tabia kweli. Linux, mfumo wanaoupenda mafundi, ni mkavu. Ukikataliwa anakwambia papo hapo, lakini yakimfika mwenyewe halalamiki mpaka umuulize. Windows akikataliwa haamini. Anapiga hodi tena, na tena, ndipo anakuletea habari, na mtu asiye na subira hudhani amenyamaziwa kumbe amekataliwa zamani. Mac ana adabu za hotelini: anasema kuna tatizo, samahani, na hasemi tatizo gani. Mimi nilizoea kuwahoji wote juu ya jambo moja, kila mmoja peke yake, kisha nikalinganisha maneno yao.

Matemwe niliitwa kwenye hoteli iliyobadilisha ruta, kile kisanduku kinachopitisha mtandao. Kompyuta ya mapokezi, Windows, ilikuwa inashika nafasi za wageni, na ghafla kila anayeihitaji anapiga hodi hajibiwi. Meneja alikuwa ameshamfukuza fundi aliyefunga ruta, akiamini amefanya kusudi. Kumbe Windows akiona mtandao mpya huuliza: hapa ni nyumbani au njiani? Mtu wa mapokezi alikuwa amebonyeza njiani, na mashine ikajifungia milango yote. Nilibonyeza nyumbani, nikanywa maji ya dafu, nikaondoka. Fundi sijui kama aliitwa tena.

Kule Kizimbani kulikuwa na mtaalamu wa mashamba ya viungo aliyeandika programu yake kwenye Linux. Yeye akiitumia inakubali, wenzake wote wanakataliwa. Wao walimwona mchoyo, yeye akawaona wana hasadi. Programu ilikuwa inasikiliza hodi zinazotoka ndani ya mashine ileile tu. Alikuwa amefungua mlango wa chumbani, akashangaa kwa nini watu wa barazani hawaingii.

Mtaona kwamba mara zote mbili walishukiwa watu kabla ya mashine. Mimi ni mtu wa shuku kwa maumbile. Mke wangu anasema nikiletewa chai natazama kwanza nani kaikoroga. Lakini shuku yangu ina uadilifu wake: naanza na wote, mimi nikiwemo, na aliyenipa kazi nikimweka wa mwanzo. Ndiyo iliyonisaidia kwenye kesi ninayotaka kuwasimulia, ambayo mpaka leo ikinijia nachukia.

Kampuni yenyewe ilikuwa inapeleka vyakula mahotelini. Ofisi yake ilikuwa ndani ya jumba la Mji Mkongwe, na mwenyewe ni Bwana Nassor, mtu wa ukoo uliokuwa na mashamba zamani na sasa una vyumba vya baridi. Seva yao, yaani kompyuta kuu iliyotunza maagizo yote, ilikuwa ya Linux, nayo ilikaa kwenye chumba kidogo chini. Wafanyakazi wa mjini waliitumia kutoka mezani kwao, na tawi la Makunduchi liliifikia kwa mbali kupitia ruta. Bwana Nassor alinipokea mwenyewe mlangoni, akaniagizia kahawa, halafu akafunga mlango. Mtu akinifungia mlango kabla ya kahawa kuja, najua anataka nikubaliane naye.

"Bwana Khamis, miye si mtu wa kumsingizia mtu," alisema. "Lakini tazama weye mwenyewe. Sote tunapanda juu kusali Adhuhuri. Tukirudi, mashine zote zinatwambia zimekataliwa na seva. Baada ya kitambo inarudi. Alasiri vilevile. Sasa chini anabaki nani?"

"Nani?"

"Joyce."

Joyce alikuwa msimamizi wa seva, mtu wa Dodoma, Mkristo, mwenye ufunguo wa chumba na nywila zote. Nikamuuliza Bwana Nassor mwanamke huyo anapata faida gani. Akasema anaisimamisha huduma makusudi kisha anaiwasha, ili waone hawawezi kuishi bila yeye. Alikuwa ameshaamua kumwondoa mwisho wa mwezi. Kwangu mimi alitaka ushahidi tu, asije akaambiwa amemwonea.

Ilikuwa shuku nzuri, na shuku nzuri ndiyo ninayoiogopa. Ukiisimamisha huduma huku seva inawaka, anayepiga hodi anakataliwa, hivyohivyo kama walivyokuwa wanakataliwa wao. Kila kitu kilikaa mahali pake. Nikateremka chini na moyo mzito.

"Shikamoo, mzee," Joyce aliniamkia, akainuka anipishe kiti.

"Marahaba, mwanangu."

"Najua umetumwa unichunguze."

"Nimetumwa nichunguze mitambo."

"Siku hizi hapa ni kitu kimoja." Akakaa kwenye kiti cha pili. "Mzee, kazi nitatafuta nyingine. Ila nikitoka hapa na jina la mharibifu, nani katika kisiwa hiki atanikabidhi tena ufunguo wa chumba cha seva? Nitafika Makunduchi, jina limeshanitangulia. Hii ndiyo kazi ninayoijua. Sina nyingine."

Nilimwonea huruma, na niliogopa pia, maana alisema kweli. Nikaihoji seva, nikasoma kumbukumbu inazojiandikia. Huduma haikuwahi kusimama hata mara moja, na saa za Adhuhuri hapakuwa na mtu wa mjini aliyebisha mlangoni kwake. Nikapanda kumwambia Bwana Nassor. Akatabasamu.

"Si ana nywila? Kafuta."

Lilikuwa jambo linalowezekana. Nikapiga simu Makunduchi, nikamuuliza karani wa huko anapata tabu gani wakati wa Adhuhuri. Akasema hana tabu yoyote, anatuma maagizo yake kama kawaida, ila sisi wa mjini ndio hatupokei simu. Hapo nikakaa sawa. Huduma ikisimamishwa, inasimama kwa wote, wa mjini na wa shamba. Haiwezekani aliye mbali apite, na aliye chumba cha pili akataliwe. Nikapanda tena.

"Labda Makunduchi anawaachia," alisema Bwana Nassor, "ili asijulikane."

Nikaelewa kwamba shahidi yeyote nitakayemleta, yeye ana pa kumtia. Nikashuka tena zile ngazi huku magoti yananilaumu.

"Na Ijumaa je?" nilimuuliza Joyce. "Ijumaa inakuwaje?"

"Ijumaa mchana haina shida. Wote wanakwenda msikitini, juu kunafungwa, nabaki mimi na paka."

Nikamwomba arudie. Akarudia, akinitazama kana kwamba sasa na mimi nina langu. Siku ambayo nyumba nzima ni yake, hapana wa kumwona, ndiyo siku isiyotokea kitu. Mharibifu gani anapumzika siku iliyo bora kwake? Basi kulikuwa na kitu kingine kinachofanya kazi siku zote na kinachopumzika Ijumaa mchana. Nikakitafuta kichwani nisikipate.

Kesho yake nikamwambia Bwana Nassor kwamba Adhuhuri nitabaki chini.

"Hutosali?"

"Nitasali. Nitachelewa kidogo, wakati unaruhusu."

Alinitazama sana. Nadhani wakati ule orodha yake iliongezeka mtu mmoja.

Nikakaa karibu na Joyce. Bila kuambiwa, aliisukuma kibodi mbali, akaweka mikono yake juu ya magoti. "Ili uone," alisema. Iliniuma, kwa sababu niliona si mara ya kwanza kukaa hivyo.

Nikaiuliza kompyuta yake ya Windows swali la Bi Zuhura. Sikuuliza seva inakubali au inakataa. Niliuliza: kwenye anwani hii ya seva, ile namba inayoandikwa kuifikia, anayeitika ni nani? Kila mashine iingiayo mtandaoni ina namba yake ya kiwandani, na mashine za chumba kimoja hutambuana kwa namba hiyo. Kompyuta ikanipa namba, nikaiandika kiganjani. Juu tulisikia watu wanapanda, na funguo za Mzee Makame, mtunza jengo, mtu wa Tumbatu. Kisha adhana ikasikika kupitia boriti, sauti nzuri ya taratibu. Nikaiitikia, ilipokwisha nikauliza tena. Anayeitika ni nani?

Namba ilikuwa nyingine.

Nililinganisha na kiganja, nikafuta jasho kwanza nisije nikawa nimejifutia ushahidi. Nikajaribu kuingia kwenye seva kwa laptopu yangu ya Linux, ikakataliwa palepale. Windows ya Joyce ikapiga hodi, ikapiga tena, nayo ikakataliwa. Na seva yenyewe ilikuwa mbele yetu, taa zake zimetulia, hapana aliyekuja mlangoni kwake.

"Joyce, tazama. Huyu anayewakatalia si seva yako."

"Ni nani?"

"Ndilo la kuuliza."

Nikaitazama swichi, kile kisanduku kinachogawa kebo, nikaona ile namba ngeni inaingilia tundu gani. Kebo yake ilikuwa ya buluu. Nikaifuata kwa mkono mpaka kwenye ngazi, ikapanda, nikapanda nayo, ikapita juu ya boriti na kuingia kwenye chumba cha kusalia. Viatu vilikuwa vimepangwa mlangoni. Watu walikuwa safuni. Na mbele, ukutani, karibu na anaposimama imamu, ilining'inia saa kubwa yenye tarakimu za kijani, ile inayoadhini yenyewe, na mkia wake ulikuwa kebo ya buluu.

Sasa nifanye nini? Siwezi kupasua safu za watu wanaosali nikang'oe kebo. Nikatia udhu, nikasimama safu ya nyuma. Mwenyezi Mungu anisamehe, sala ile nilisali uso kwa uso na niliyekuwa namtafuta, na macho yangu yalipanda kila nilipoyateremsha.

Imamu alipotoa salamu na watu wakaanza kutoka, nikamwendea Mzee Makame.

"Mzee, saa hii unaizima lini?"

"Nkishafunga chumba. Umeme ghali, mwanangu. Naiwasha kabla ya sala, naizima baada ya sala."

"Na Ijumaa mchana?"

"Ijumaa nnamwashia nani? Si tuko msikitini sote."

Saa ile kila ikiwashwa lazima iingie mtandaoni irekebishe majira yake, na ikiingia inajitangaza kwa mashine zote za jengo: mimi ndiye wa anwani hii. Mashine za mjini zikaiamini. Ruta ya kwenda Makunduchi ilikuwa ngumu zaidi kushawishika, ikabaki na seva iliyokuwa ikiijua.

"Nani aliyeifunga saa hii?" nikauliza.

"Shemeji yangu," alisema Bwana Nassor nyuma yangu. "Kaja nayo kutoka Maskati, kaifunga mwenyewe. Kuna nini?"

"Anwani yake ya mtandao aliipata wapi?"

"Ilimtaka anwani, akaniuliza anwani ya mtandao wetu ni ipi. Nikampa ile tunayoiandika sote kila siku."

Ile wanayoiandika wote kila siku ilikuwa anwani ya seva. Aliitoa kama mtu anavyomwelekeza mgeni nyumbani kwake, akidhani jengo zima lina anwani moja. Nikamweleza polepole. Tangu siku hiyo nyumba mbili zilikuwa na anwani moja, na saa ikiamka ndiyo inayoitikia hodi za seva. Haijui maagizo ya mahoteli, kwa hiyo inawakatalia wote.

Aliitazama saa. Kisha akasema, "Na huyo Joyce, hakuijua saa hii? Hakuigusa?"

Nilighadhibika. Katika umri wangu wote wa kazi sikuwahi kumpandishia sauti mwenye kazi, ila siku ile nilipandisha, na ndani ya chumba cha sala. "Bwana Nassor, chumba hiki hajapata kutia mguu wake. Wanaoingia humu ni sisi. Tumetafuta mbaya kila mahali isipokuwa hapa."

Mzee Makame, bila kuambiwa na mtu, akachomoa kebo ya buluu. Baada ya kitambo simu yangu ikalia.

"Mzee," alisema Joyce, "zote zimerudi."

Nikashuka. Nikamwachia Joyce aichagulie saa anwani yake yenyewe, akaipa ya mbali kabisa na seva. Mzee Makame akairudishia kebo. Alasiri ikaadhini vizuri, na mashine za chini hazikukataliwa hata moja. Joyce aliendelea kuzitazama muda mrefu, kama anayengoja zimgeuke.

Bwana Nassor alikuwa hajateremka. Nilijua kitakachofuata, au nilidhani najua. Watu wakubwa wakikosea humtuma mtu na sahani ya biriani, na huo ndio msamaha. Nilikuwa nakusanya vyombo vyangu niliposikia miguu kwenye ngazi. Mlango wa chumba cha seva ulikuwa wazi, jengo ni lake, na kwa alivyonambia Joyce, siku zote aliingia moja kwa moja. Safari hii alisimama nje ya kizingiti.

"Hodi," alisema.

Joyce aliinamia kibodi, hakujibu. Mimi nilitaka kuitikia, kwa kuwa kumwacha mtu mlangoni ni utovu wa adabu, nikauzuia ulimi. Hodi ile haikuwa yangu.

"Hodi."

Kimya. Kwetu hodi ni tatu, na usipoitikwa unaondoka. Bwana Nassor analijua hilo kuliko mimi.

"Hodi, Bi Joyce."

Joyce akakigeuza kiti taratibu. Alikuwa anamwona vizuri, hatua chache tu mbele yake, na bado akauliza:

"Nani?"

"Nassor," alisema. "Niliyetoa anwani."

Joyce alimtazama mpaka yeye akainamisha macho. Kisha akasema, "Karibu."